Kikosi cha Chui na Mabishano ya Washabiki

Neno "kikosi" lilikuwa la askari kabla halijawa la wachezaji wa mpira. Mwalimu akiwasikiliza washabiki siku ya mechi atatambua kwamba si neno hilo peke yake lililohama: ulinzi, ushambuliaji, ngome, vyote vimetoka vitani. Nahodha tu ndiye aliyekuja kutoka baharini, na hata yeye akifika uwanjani huacha usukani akawa kama jemadari. Si ajabu basi kwamba watu wanapobishana juu ya nani apangwe na nani akae benchi, hubishana kana kwamba nchi yenyewe imo hatarini.

Katika makala haya nataka kulitazama bishano la namna hiyo katika historia ya Kongo, nchi iliyoitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Timu yake ya taifa huitwa Chui. Kati ya 1966 na 1974 Chui hao walipanda hadi kilele cha mpira wa Afrika, kisha wakaporomoka mbele ya macho ya dunia. Na katika kupanda na kuporomoka huko, mabishano ya washabiki juu ya kikosi yalikuwa, kwa maoni yangu, zaidi ya mazungumzo ya mpira. Chama kilikuwa kimoja. Mwananchi hakuweza kuuliza hadharani kwa nini fulani amefanywa waziri, lakini aliweza kuuliza, tena kwa sauti kuu, kwa nini fulani amefanywa beki. Anayetaka kujua watu wa wakati ule waliwazaje juu ya haki na upendeleo, asikilize walivyokipanga kikosi.

Mwanzo wake ni aibu. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1965, huko Tunisia, Kongo ilifungwa na Ghana mabao 5 kwa 2, kisha na Côte d'Ivoire mabao 3 kwa 0. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Mobutu alitwaa madaraka, naye alielewa upesi mpira unavyoweza kuitumikia serikali. Mwaka 1966 wachezaji Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji waliitwa warudi nyumbani, na mlango wa kutoka ukafungwa nyuma yao. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wazee wetu. Tutaona hapo mbele tuzo hiyo ilivyokuwa. Bishano la kwanza lilizaliwa hapo hapo: je, waliorudi kutoka Ulaya wapangwe mbele ya wale waliobaki nyumbani na kuvumilia miaka ya fitina na vita?

Jibu lilitolewa uwanjani. Tarehe 21 Januari 1968, mjini Addis Ababa, Kongo iliifunga Ghana bao 1 kwa 0 na kutwaa kombe la Afrika. Mfungaji alikuwa Kalala, kijana wa Englebert ya Lubumbashi, klabu tunayoijua leo kwa jina la Mazembe, iliyokuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Kwa watu wa Lubumbashi, wanaobishana kwa Kiswahili, bao lile lilikuwa hoja isiyohitaji nyongeza. Watu wa Kinshasa nao, wanaobishana kwa Kilingala, walikuwa na hoja zao, na mwaka 1973 klabu yao ya Vita iliponyakua ubingwa wa Afrika zilipata nguvu mpya.

Mechi za kirafiki ziliuchochea moto huo kuliko hata mashindano. Kocha huipanga mechi ya kirafiki ili ajaribu: humtia huyu, humtoa yule, hutazama kipindi cha pili kitaleta nini. Mshabiki hajui kujaribu. Kwake kila kikosi ni ahadi, na kila ushindi ni ushahidi wa kuwekwa akiba. Januari 1969 Santos ya Brazili, pamoja na Pele, ilizuru miji mikuu miwili inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya Mto Kongo, na mjini Kinshasa Chui waliifunga mabao 3 kwa 2. Mechi hiyo haikuwa na pointi wala kombe. Lakini mtu aliyekwisha kumshinda Pele utamwambia nini tena juu ya Wazungu? Naamini kiburi kilichosafiri kwenda Ujerumani miaka mitano baadaye kilianza kuota siku ile.

Mwaka 1974 mwezi wa Machi, mjini Cairo, Zaire ilitoka sare na Zambia mabao 2 kwa 2 katika fainali ya Afrika, ikabidi mechi irudiwe, nayo Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire aliyafunga Ndaye Mulamba wa Vita. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 9, idadi ambayo hakuna aliyeifikia hadi leo katika mashindano mamoja. Mwezi wa Juni Chui walikwenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kushiriki Kombe la Dunia. Wachezaji wote 22 walitoka vilabu vya nyumbani, vya Kinshasa na Lubumbashi. Mshabiki wa Bukavu au Kisangani alibaki kuhesabu majina ya wengine. Tena kikosi kiligawanyika kwa namna ya kushangaza: kipa Kazadi na mabeki Bwanga, Mwepu na Mwanza walikuwa wa Mazembe, na washambuliaji walikuwa wa Kinshasa. Lubumbashi ililinda, Kinshasa ikashambulia. Timu ikishinda, kila mji una mchango wake. Ikifungwa, kila mji unajua pa kunyoosha kidole.

Mechi ya kwanza Uskoti ilishinda 2 kwa 0, na hakuna aliyeona haya. Ya pili ilikuwa dhidi ya Yugoslavia, mjini Gelsenkirchen, tarehe 18 Juni. Baada ya dakika 18 mabao yalikuwa matatu. Ndipo kocha Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia na zamani kipa, alipomtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu wa Vita, mtu mfupi wa kimo. Dakika mbili hazikutimia bao la nne likaingia. Katika zogo lililofuata Mwepu alimpiga teke refa, na refa akamfukuza Ndaye asiye na kosa. Mechi ilikwisha kwa mabao 9 kwa 0.

Sisi tuliozaliwa baadaye tumelirithi bishano hili kama shamba la babu. Wengine husema kocha aliiuza timu kwa nchi yake. Wa Lubumbashi husema kipa wao alitolewa ili wa Kinshasa naye aonekane. Vidinić alieleza baadaye kwamba agizo la kumtoa Kazadi lilitoka kwa afisa wa wizara aliyefuatana na timu. Nami nayapima maelezo hayo pamoja na jambo ambalo washabiki wa 1974 hawakuelezwa: kabla ya mechi hiyo wachezaji walikwisha kujua kwamba fedha walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao, wakataka kugoma, wakashawishiwa waingie uwanjani. Timu ya namna hiyo hata ingelindwa na makipa wawili kwa pamoja ingefungwa. Kumlaumu Tubilandu ni kumwonea.

Kazadi alirudi golini mechi ya tatu, dhidi ya Brazili. Mwepu alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walitishwa: wakifungwa zaidi ya mabao matatu wasirudi nyumbani. Walifungwa matatu kamili. Katika mechi hiyo Mwepu alitoka mbio ukutani akaupiga mpira wa adhabu uliokuwa wa Wabrazili, na dunia ikacheka ikidhani Mwafrika hajui sheria. Yeye alisema alizijua vizuri, ila alitaka kuonyesha hasira yake.

Na ile tuzo ya mcheza kwao? Mwaka 1994 Ndaye alipigwa risasi mguuni na watu wenye sare ya jeshi waliomvamia, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko katika umaskini. Katika mashindano ya Afrika ya 1998, nchini Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumkumbuka, kwa kuwa ilitangazwa amekufa. Alikuwa hai. Alifariki Januari 2019, huko huko Afrika Kusini, na hadi leo mjini Lubumbashi, mzee akipanga kikosi chake cha Chui wa nyakati zote, jina la mtu huyu wa Kinshasa hulitaja bila kubishana.