Makanisa ya Mbita na deni la Kisuba

Katika maboma ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, kwenye Ziwa Victoria nchini Kenya, umoja wa makanisa haukungoja maaskofu. Mila inakataza mtu kuoa ndani ya ukoo wake, basi wake waliotoka mbali walifika na dini za kwao. Mama mkwe ni Msabato, mke wa mwana wa kwanza Mkatoliki, wa pili Mwanglikana, na shangazi huenda amevaa kanzu ya kanisa la Legio Maria. Msiba ukitokea, lazima wote wakae chini wapange. Jumamosi ndiyo siku inayowafaa jamaa wanaotoka kazini Nairobi na Kisumu, lakini Msabato hazikwi siku ya Sabato. Hapo mchungaji, katekista na wazee wa ukoo husikilizana, kwa sababu marehemu ni wao wote.

Wamisionari wenyewe walianza kwa kugawana ardhi. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mwafrika aliyetoka Malawi, walifika Kendu Bay wakaweka misheni ya Waadventista Wasabato juu ya kilima cha Gendia. Mwaka huohuo Waanglikana walianza kazi Maseno. Waprotestanti walikubaliana kutoingiliana: upande wa kusini wa Ghuba ya Winam ukawa wa Waadventista. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill hawakufungwa na mapatano hayo. Kutoka Kisumu walishuka hadi Asumbi. Mbita na visiwa vyake vikawa pembezoni mwa mipango ya wote.

Juni 1913 misheni za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu kutafuta shirikisho. Miongoni mwa waliousukuma mpango huo alikuwa John Willis, aliyewahi kuhudumu Maseno na wakati huo Askofu wa Uganda. Mkutano ulipofungwa, Waanglikana na Waprotestanti wengine walishiriki meza moja ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki Willis na Askofu Peel wa Mombasa kwa uzushi, na ugomvi ukavuka bahari hadi Uingereza. Shirikisho kamili halikupatikana, lakini Baraza la Taifa la Makanisa la Kenya huhesabu umri wake tangu mkutano ule.

Huku Nyanza, ushirikiano ulioacha alama kubwa kuliko yote ulikuwa wa lugha. Carscallen alijifunza Dholuo, lugha ya Waluo, akaandika sarufi yake, akatafsiri Injili, na mwaka 1913 Gendia ikapata mtambo wa kuchapa. Waanglikana nao walitafsiri kwa bidii upande wa Maseno. Agano Jipya la Dholuo likatoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1953. Watu ambao hawakukubaliana kuhusu siku ya ibada wala namna ya kubatiza walikuwa sasa na Neno katika lugha moja. Hilo lilikuwa jambo jema, nami nalisema bila kusita.

Ila Mbita ililipa gharama yake. Wasuba wa Mfangano, Rusinga na bara la karibu ni watu wa asili ya Kibantu, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Kisuba kilikuwa tayari kinabanwa na ndoa na biashara ya samaki. Kanisa na shule zilipoingia na vitabu vya Dholuo, mtoto alifundishwa kusoma, kuimba na kuungama kwa lugha ya jirani. Rusinga, Dholuo kikatawala hadi jikoni. Mfangano, maji yakiwa yameitenga, ilihifadhi Kisuba kwa muda mrefu zaidi. Sidhani kuna mmisionari aliyekusudia kuua lugha. Lakini kwa makanisa yote, Msuba alihesabiwa kuwa Mluo.

Marekebisho nayo yalihitaji madhehebu kushikana mikono. Shirika la Bible Translation and Literacy, lililoanzishwa Kenya mwaka 1981 na linalofanya kazi na makanisa ya madhehebu mbalimbali, lilichukua kazi ya Kisuba, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 Agano Jipya likachapishwa. Tafsiri ya namna hii haiwezi kuwa mali ya kanisa moja. Neno la ubatizo, neno la roho, jina la Mungu lenyewe: dhehebu moja likiamua peke yake, mengine yatakiacha kitabu kabatini. Msuba wa kila kanisa anapaswa kulisikia neno na kukubali kwamba ndivyo bibi yake angesema.

Kitabu kipo. Redio ya Ekialo Kiona huko Mfangano hutangaza kwa Kisuba. Kazi iliyobaki iko madhabahuni. Lugha ya watu waliofunzwa ibada kwa Dholuo vizazi vitatu hairudi kwa kuchapwa tu; yahitaji padri wa Mbita, mchungaji wa Rusinga na mzee wa Kisabato wa Mfangano wakubaliane kusoma somo lilelile kwa Kisuba, mmoja Jumamosi, wengine Jumapili, wakati wazee wanaoweza kumsahihisha msomaji wangali hai na wamekaa viti vya mbele.