Keino, Kipchoge (1940– )

Mwanariadha, askari polisi wa zamani, mfugaji na mfadhili wa Kenya, mzaliwa wa Kipsamo, Nandi. Vitabu vingi humkumbuka kwa dhahabu ya mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, alipomshinda Jim Ryun, na ile ya kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972. Lakini kazi aliyoifanya baadaye kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu, karibu na Eldoret, ina uzito usiopungua medali hizo. Keino, aliyefiwa na wazazi akiwa mdogo, pamoja na mkewe Phyllis, waliwapokea watoto yatima nyumbani kwao, na shamba lao la Kazi Mingi likasaidia kuwalisha. Shule ya msingi ya Kip Keino ilifunguliwa mwaka 1999, ya sekondari ikafuata miaka kumi baadaye.

Yupo atakayesema kwamba bila umaarufu wa mbio wafadhili wasingemjua. Ni kweli, jina lilifungua milango. Hata hivyo, umaarufu haukamui ng'ombe wala haumlazi mtoto usiku. Wanariadha wengi walipata jina kama lake bila kujenga makao ya watoto. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe ilimfanya mtu wa kwanza kupokea tuzo ya Olympic Laurel, Rio mwaka 2016, kwa mchango wake katika elimu na maendeleo ya jamii kupitia michezo.