Kisu Kilipowekwa Mizanini

Katika miaka ya 1950 ilienea Marekani, ikitokea Italia, tiba ya watu wenye maumivu ya moyo ambayo kwayo tabibu, akiisha kutia ganzi, alichana ngozi kandokando ya kidari na kuifunga mishipa miwili ya damu ipitayo humo, akitaraji kwamba damu, ikizibiwa njia yake, ingegeuka kuuelekea moyo. Wagonjwa walishukuru, na matabibu, ambao aghalabu huamini macho yao wenyewe, hawakuona haja ya ithibati nyingine.

Mwaka 1959 daktari Leonard Cobb na wenzake wa Seattle waliwatwaa wagonjwa 17, wote wakachanwa ngozi, ndipo bahasha iliyofunguliwa papo hapo ikamwamuru mpasuaji ama aifunge mishipa ama ashone tu. Wala mgonjwa hakujua alilofanyiwa, wala daktari aliyempima baadaye. Walioshonwa tu wakapata nafuu kama wenzao! Mwaka uliofuata daktari Dimond wa Kansas akaleta jawabu lile lile kwa wagonjwa 18, na tiba ile ikaachwa. Walakini wagonjwa wale hawakuelezwa kuwa huenda wakachanwa bure, na hiyo, kwa insafu, ilikuwa dhuluma. Kinyume chake, mpasuaji Moseley wa Houston, aliyetangaza mwaka 2002 kwamba kusafisha goti bovu kwa upasuaji hakukushinda upasuaji wa kuigiza, alimtaka kila mmoja wa wagonjwa wake 180 aandike kwa mkono wake kwamba anafahamu huenda akapata upasuaji wa kuigiza tu.

Kabla ya Moseley majaribio ya namna hii yalikuwa adimu, hata mwaka 1996 Richard Horton, mhariri wa jarida la tiba la The Lancet, akaufananisha utafiti wa wapasuaji na mchezo wa kuchekesha wa jukwaani. Mwaka huo huo ilitoka kanuni ya CONSORT, inayoorodhesha mambo ambayo ripoti ya jaribio sharti iyaeleze. Lakini kanuni hiyo iliwafaa zaidi watu wa vidonge, kwa kuwa kidonge ni kile kile popote kimezwapo, ilhali mkono wa mpasuaji mwanafunzi si mkono wa bingwa wake. Ndiyo maana nyongeza ya mwaka 2008 ikadai ibainishwe pia upasuaji ulifanywaje, na nani, mwenye uzoefu gani; na mwaka 2009 mpango wa IDEAL, uliozaliwa katika mikutano ya Oxford, ukataka kila upasuaji mpya uandikwe tangu mgonjwa wa kwanza, si baada ya kwisha kuzoeleka.

Basi msomaji, ukiambiwa leo ukapasuliwe, muulize tabibu wako bila haya: upasuaji huu umelinganishwa na nini, na wewe umeufanya mara ngapi?