Kasongo na Kabambare: Barabara Zilizogeuza Uso

Kwenye ramani ya leo, Kabambare ni pembe ya mwisho ya mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, mbali na Kindu, makao makuu ya mkoa, mbali na reli, mbali na mto Lualaba. Karne moja na nusu iliyopita ndiyo iliyokuwa mlango. Misafara iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, ikapanda milima, ikafika Kabambare, ndipo ikaendelea Kasongo na Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Mpelelezi Livingstone, aliyepaita Bambarre, alikwama hapo miezi mingi kati ya 1870 na 1871 kwa vidonda vya miguu. Stanley alipita mwaka 1876, akaufuata mto Luama hadi unapoingia Lualaba.

Haikuwa barabara kwa maana yetu. Ilikuwa njia ya mguu, mtu nyuma ya mtu, pembe za ndovu begani, na watumwa wengi wakiwa wamefungwa minyororo. Lakini njia ile ilidai mashamba ya kuwalisha wapitaji na watu wa kuwavusha mitoni. Kasongo ya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, ambayo mahame yake yako Tongoni, nje ya mji wa sasa, ilinona kwa sababu hiyo. Daktari Hinde, aliyeingia na jeshi la Wabelgiji lililokuja kupigana na wafanyabiashara hao wa Kiarabu, alistaajabia mashamba ya mpunga na bustani za michungwa alizozikuta huko.

Jeshi hilo liliipanda njia ileile kutoka upande wa pili: Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili, na Kabambare Januari 1894. Wengi huandika vita hivi kama kisa cha Waarabu na Wazungu. Mimi naviona pia kama vita vya kugombea njia, maana aliyeishika Kabambare alikuwa ameufunga mlango wa kwenda ziwani.

Kisha mlango ukakosa kazi. Lualaba haipitiki kwa meli kwenye maporomoko yaliyo chini ya Kongolo, kwa hiyo kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa 1902, ililaza reli kutoka Kindu hadi Kongolo. Kufikia 1911 ilikuwa imekamilika. Mwaka 1915 reli nyingine ikaunganisha Kabalo na Albertville, Kalemie ya leo. Sasa mzigo ulifika Tanganyika kwa kupitia kusini, bila kukanyaga Kabambare. Hata Kasongo yenyewe iliachwa ng'ambo ya mto, ikitegemea kivuko kuifikia reli.

Barabara za magari zilikuja na pamba. Kilimo cha lazima kilianza Maniema mwaka 1917, na malori yalihitaji kufika kila penye magunia. Vijiji vilihamishwa kutoka mabondeni vikapangwa kandokando ya barabara, ili wakaguzi wahesabu vichwa bila kushuka garini. Waliochimba na kufyeka walikuwa wanakijiji wenyewe: amri ya 1933 iliruhusu kuwatumikisha hadi siku 60 kwa mwaka. Wanaosifu barabara za "enzi ya Mbelgiji" kwa uimara wake husahau nani aliyezishika kwa jembe. Salongo ya Rais Mobutu, kazi ya umma ya kila wiki, haikuwa ngeni kwa wazee wa Kasongo.

Ofisi ya Barabara, chombo cha serikali cha kutunza barabara kuu, ilianzishwa 1971. Nchi nzima huhesabiwa kuwa na kilomita 152,400 za barabara, na zaidi ya nusu, karibu 87,000, ni zile za kuhudumia kilimo. Kasongo imo kwenye Barabara ya Taifa nambari 2, kati ya Mbuji-Mayi na Bukavu, lakini mpunga na mawese hutoka vijijini kwa njia hizo ndogo. Mvua ikila kingo za daraja la magogo, lori hukaa, na baiskeli hubeba.

Kabambare, kwa upande wake, imeanza kutazama mashariki tena. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, ulio huko Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ukasimamishwa 2019 kwa sababu za usalama, lakini wachimbaji wadogo wa Salamabila, jirani na mgodi, hawakuondoka. Njia yao inapitia Lulimba kuelekea Fizi na ziwani. Gavana yuko Kindu. Soko liko Tanganyika.