Selimundu: Jinsi wazazi wenye afya wanavyorithisha ugonjwa

SELIMUNDU ni ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kuchangia nguo. Katika aina yake iliyoenea zaidi, mtoto huugua pale tu anapopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kama hiyo kutoka kwa mama.

Seli nyingi za mwili wa binadamu zina kromosomu 46, zilizo katika jozi 23. Katika kila jozi, moja hutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Jeni inayohusika hapa ipo katika kromosomu ya 11, nayo huelekeza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Kosa dogo katika jeni hiyo husababisha chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, kujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo.

Mwenye jeni moja yenye kasoro na nyingine nzima huitwa mbebaji. Kwa kawaida haugui, na wengi hawajijui. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa kuleta mbebaji, na asilimia 25 wa kuleta mtoto asiye na jeni hiyo kabisa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Aliyekwisha kuzaa mtoto mmoja mgonjwa hudhani kwamba watatu watakaofuata watasalimika. La hasha! Hesabu huanza upya katika kila mimba, hivyo familia moja yaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo na nyingine isipate hata mmoja. Wala si haki kumtupia mama lawama peke yake, kwa kuwa jeni hiyo imetoka pande zote mbili.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki ulioonyesha kuwa wabebaji wana kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi.

Kupima kundi la damu hakuonyeshi kama mtu ni mbebaji. Wachumba wanaotaka kujua hawana budi kuomba kipimo cha himoglobini.