"How are you": Salamu, mwito au swali?

MGENI anayeingia mtaa wa Kiandutu mjini Thika, hasa akiwa Mzungu, aghalabu hulakiwa na watoto kabla ya kuvuka kijia cha kwanza. "Hawayu! Hawayu!" Huipaza kwa sauti moja kama wimbo, silabi ya mwisho ikivutwa, na mgeni akijibu "Fine" wao huanza upya kana kwamba hakusema lolote. Hawakumuuliza lolote. Kwao maneno hayo ni mwito, sawa na kupunga mkono.

Ni wapi walikoyapata? Darasani. Mwalimu huingia, wanafunzi husimama, naye huuliza, "How are you?" Jibu ni moja kwa wote, aliyeshiba na aliyelala njaa: "We are fine, thank you, teacher." Hapa maneno hayo si mwito tena bali ni ishara kwamba somo linaanza. Mtoto anayeyatamka hivyo kila asubuhi hana sababu ya kudhani kuwa yana swali ndani yake.

Yafaa kuyalinganisha na salamu zetu. Kiandutu ni jina la Kikikuyu lenye maana ya mahali pa funza, lakini wakazi wake ni wa makabila mengi. Mkikuyu husalimu, "Wĩ mwega?" naye Mkamba, "Wĩ mũseo?" Wote wawili wanauliza iwapo mwenzao ni mzima, na swali lenyewe limekwisha kubeba jibu. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: "hujambo" ni kusema huna jambo, nawe hujibu "sijambo" hata kama una mambo kumi. Kiingereza, kwa umbo, hufungua mlango kwa kuuliza hali ilivyo, kisha desturi ikaufunga. Huko Marekani muuzaji dukani humwambia mteja "How are you?" akiwa tayari anahesabu bidhaa, na mteja anayeanza kusimulia maumivu ya mgongo huonekana kituko. Mtaalamu Bronisław Malinowski alieleza mwaka 1923 kwamba maneno ya aina hii hayapelekwi kwa ajili ya habari, bali huunganisha watu.

Hata hivyo, mlango huo haufungwi daima. Mwingereza akiweka mkazo kwenye neno la kati, "How *are* you?", hasa kwa aliyeugua au kufiwa, huwa anauliza kwa dhati. Sisi hatutumii mkazo, hubadilisha maneno. Tutasema "Umeamkaje?" au "Unaendeleaje?" na aliyetoka kuugua husemwa kuwa "sasa hajambo", yaani amepata nafuu. Majibu nayo yana siri zake: "nzuri" pekee ni jibu la kupita, ilhali "nzuri tu" au "tunasukuma tu" humwita msikilizaji mwerevu aulize zaidi.

Tofauti hii huwa nzito zahanatini. Mhudumu anayemkaribisha mama mzee kwa "How are you?" au "Habari yako?" ataambiwa "Fine" au "Nzuri", na mama huyo hadanganyi, amerudisha salamu kama adabu inavyotaka. Mhudumu akiandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, kosa ni lake yeye aliyedhani ameuliza. Wazoefu husalimu kwanza, hungoja jibu, kisha ndipo huuliza, "Sasa mama, ni nini kinachokusumbua?" Hapo ndipo homa ya siku tatu hutajwa.

Na kwa mtoto wa "Hawayu", mgeni ajibu nini? "Fine" inatosha, lakini ajaribu "Sasa?" ya vijana wa Thika. Kelele hukoma ghafla, watoto hutazamana, na mmoja wao, mara nyingi yule mdogo kuliko wote, hujibu "Fit!"