Karani Anayehamisha Majina

Msomaji, usidhani kazi ya kuhamisha kumbukumbu ilianza na kompyuta. Wapi! Tazama Mpanda. Mwaka 1974 wilaya ilitoka Tabora ikaingia Rukwa. Mwaka 2012 ikawa Katavi. Watu hawakuhama, anwani yao ya kwenye karatasi ndiyo iliyohama.

Katumba na Mishamo mambo yalikuwa mazito zaidi. Warundi waliokimbia mwaka 1972, pamoja na wenzao wa Ulyankulu, zaidi ya 160,000, walikubaliwa uraia mwaka 2010. Vyeti vikaanza kutolewa 2014. Miaka minne jina liko njiani, kati ya daftari la wakimbizi na la raia!

Basi kijana unayeitaka kazi hii, anzia masjala. Jifunze kulinganisha jina kwa jina, programu baadaye. Ukiruka mstari mmoja, bwana, kuna mtu anabaki hana nchi.